Vichochezi vya pumu: namna ya kuvijua vyako na kuvikwepa

Ukimuuliza mwenye pumu ni nini kinachombana, mara nyingi atakutajia orodha nzima: vumbi, baridi, moshi, manukato, paka. Orodha hiyo ni ya kweli ukiwajumlisha wagonjwa wote, lakini si ya mgonjwa mmoja. Yupo anayelala na paka miguuni bila shida yoyote, ila akipata mafua tu anaishia hospitali. Yupo ambaye mafua hayamsumbui, lakini akipita palipopakwa rangi mpya kifua kinaanza kupiga filimbi. Anayejaribu kukwepa kila kitu huchoka baada ya muda mfupi akaachia vyote, pamoja na kile kimoja kilichokuwa kinamuumiza kweli. Ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza upelelezi, usafi unafuata.

Jambo moja kwanza. Kukwepa vichochezi hakuchukui nafasi ya dawa. Mirija ya hewa ya mwenye pumu huwa na uvimbe hata siku ambazo hasikii chochote. Kichochezi kikiingia, misuli inayoizunguka hukaza, ngozi ya ndani huvimba zaidi, makohozi mazito huongezeka, na njia ya hewa inabaki nyembamba. Inhela ya kutuliza, ile inayofungua kifua kwa dakika chache, hulegeza misuli tu. Inayoshusha uvimbe ni inhela ya kukinga, yenye dawa ya jamii ya steroidi, na mirija isiyovimba haishtuki ovyo. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haupendekezi tena vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli (dawa ya inhela ya kutuliza) peke yake. Kama unatumia inhela ya kutuliza zaidi ya siku mbili kwa wiki, au pumu inakuamsha usiku, mwone daktari sasa. Upelelezi unaweza kuendelea sambamba na matibabu.

Hatua ya 1: Jua shambulio lako linavyoanza

Watu wengi wanasubiri mluzi wa kifuani ndipo waseme "nimebanwa". Mluzi huchelewa. Kabla yake huwa kuna dalili ndogondogo ambazo kila mtu ana zake: kikohozi kikavu kinachokuja alfajiri, koo au kidevu kuwasha, chafya mfululizo, kuvuta pumzi ndefu mara kwa mara bila sababu, uchovu wa kupanda ngazi ambazo jana ulizipanda bila kuhema. Wengine husikia kifua kizito, kama kimefungwa mkanda, bila sauti yoyote.

Mtoto mdogo hawezi kukueleza haya. Utamwona ameacha kucheza na kukaa pembeni, au analalamika tumbo, au anakohoa kila akicheka. Mfunue shati umtazame mbavuni: ngozi ikiwa inazama katikati ya mbavu kila anapovuta pumzi, anapumua kwa shida, na hapo hakuna cha kusubiri, mpe dawa umpeleke hospitali.

Sababu ya kuzijua dalili hizi za mwanzo ni kwamba ndizo zinazokupa saa sahihi. Ukihesabu kuanzia mluzi, unaweza kuwa umechelewa saa kadhaa, ukamlaumu asiyehusika.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Daftari la kawaida linatosha, au simu. Kwa wiki mbili hadi nne, andika kila siku hata ukiwa mzima, kwa sababu siku nzuri ndizo zinazoonyesha nini hakikuwepo. Andika saa ya dalili, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini saa kadhaa nyuma (siyo dakika ile tu), hali ya hewa, dawa yoyote uliyomeza hata ya kichwa, na umevuta inhela mara ngapi.

Ukiweza kupata kipima pumzi, kitakusaidia kuliko kumbukumbu. Ni kibomba chepesi cha plastiki chenye namba pembeni na kialama kinachosogea ukipuliza. Simama wima, rudisha kialama mwanzo, vuta pumzi mpaka kifua kijae, banisha midomo kwenye mdomo wa kibomba, kisha puliza kwa nguvu na kwa haraka kadiri uwezavyo. Fanya mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote, usitafute wastani. Pima asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Namba ya juu kabisa unayoifikia katika kipindi ambacho pumu imetulia ndiyo kipimo chako. Ya jirani yako haikuhusu. Ukiwa kwenye asilimia 80 ya namba hiyo au zaidi, uko vizuri. Kati ya 50 na 79, pumu imeanza kuamka. Chini ya 50 ni hatari. Mwenye namba ya juu ya 400, kwa mfano, anakuwa macho akishuka chini ya 320, na anatafuta msaada wa haraka akishuka chini ya 200.

Ukurasa wa mtu ambaye namba yake ya juu ni 410 unaweza kuonekana hivi:

Jumatatu. Asubuhi 410, jioni 400. Hakuna dalili.

Jumanne. Asubuhi 400. Saa 10 jioni nimefagia stoo, chafya nyingi, kifua kimebana kidogo. Inhela mara mbili, kimetulia baada ya dakika kama kumi. Saa 5 usiku nimeamshwa na kikohozi. Nimepima: 310.

Jumatano. Asubuhi 330. Sijagusa vumbi. Harufu ya sabuni ya kufulia imenikohoza, kawaida hainisumbui.

Mistari hiyo michache ina mambo mawili ambayo watu wengi huyakosa miaka na miaka. La kwanza ni la Jumanne usiku. Kichochezi cha mzio, kama vumbi la ndani au chavua, mara nyingi hupiga mara mbili: wimbi la kwanza ndani ya dakika chache, ambalo hutulia, kisha wimbi la pili saa 4 hadi 12 baadaye, linaloletwa na chembe za kinga zinazomiminika kwenye mirija. Huyu akiamka saa 5 usiku atalaumu chakula cha jioni au baridi ya dirishani, kumbe aliyemfanyia hivyo ni stoo ya saa 10. Ndiyo sababu nimesisitiza kuandika ya saa kadhaa nyuma.

La pili ni ile sabuni ya Jumatano. Mirija ikishachokozwa hubaki na hasira kwa siku kadhaa, na katika siku hizo vitu visivyokuwa na neno huanza kukubana. Ukiichukua siku hiyo moja peke yake utaiweka sabuni kwenye orodha ya adui na kuihangaikia bure. Kitu kisiingie kwenye orodha yako mpaka kimejirudia, tena katika siku ambayo kabla yake ulikuwa mzima.

Hatua ya 3: Lihoji daftari

Wiki mbili zikipita, kaa na daftari uangalie mahali na saa, ukiacha hisia zako pembeni. Dalili zinakuja zaidi usiku na alfajiri? Kitanda na chumba vinashukiwa, ingawa pumu kwa asili yake huelekea kuwa mbaya usiku. Zinapungua ukilala kwingine kwa siku kadhaa? Nyumba ina neno. Zinapungua siku za mapumziko na kurudi ukianza kazi? Ruka usome Hatua ya 7. Zinakuja ukilala chali baada ya kula, pamoja na uchungu kooni? Huenda ni tindikali ya tumbo inayopanda. Kwa wanawake, linganisha na tarehe za hedhi, kwa sababu wapo ambao pumu huwazidi siku chache kabla yake, na mara nyingi hawajawahi kuulizwa.

Njia hii ya kulinganisha tarehe imewahi kuokoa mji mzima. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na siku ambazo wagonjwa wa pumu waliofurika ghafla katika vyumba vya dharura vya Barcelona, Uhispania, walifika ndani ya saa chache wakiwa hoi. Moshi wa magari na wa viwanda ulishukiwa bila kupatikana na hatia. Jawabu lilikuja pale watafiti walipolinganisha tarehe za siku hizo na kumbukumbu za bandari: zililingana na siku ambazo soya ilikuwa ikipakuliwa kutoka melini. Vumbi la soya lilitoka kwenye ghala refu la nafaka lisilokuwa na vichujio, likapeperushwa mjini. Vichujio vilipofungwa, milipuko ile ikakoma. Hakuna mgonjwa ambaye angeweza kuhisi kwamba adui yake ni soya. Tarehe ndizo zilizosema.

Kama daftari linaelekeza kwenye mzio, omba kipimo cha ngozi. Matone ya vitu vinavyoshukiwa huwekwa mkononi, ngozi huchomwa kidogo sana, na majibu huonekana baada ya dakika 15 hadi 20. Dawa za mzio huharibu majibu, kwa hiyo uliza mapema uziache kwa siku ngapi. Na ukipata majibu yanayosema una mzio wa kitu fulani, yalinganishe na daftari kwanza: ngozi inaweza kukataa kitu ambacho mapafu yako hayajali.

Hatua ya 4: Kama ni nyumba, anzia chumbani

Unalala humo saa saba au nane kila siku, pua ikiwa imezama kwenye mto wa kulalia. Hakuna mahali pengine panapolipa jasho lako kama hapo.

Mtuhumiwa wa kwanza ni utitiri wa vumbi. Ni mdudu asiyeonekana kwa macho, urefu wake ni kama theluthi ya milimita, haumi wala hanyonyi damu. Anakula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na hanywi maji. Anafyonza unyevu wa hewa. Kinacholeta mzio ni hasa kinyesi chake, na makazi yake makuu ni godoro, mto, blanketi na midoli laini. Kwa hiyo unaweza kupangusa meza mpaka zing'ae na usiku ukabanwa vilevile.

Valisha godoro na mito mifuko ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, yenye zipu inayofunga pande zote. Angalia mshono na mwisho wa zipu, kwa sababu hapo ndipo vumbi hutokea ukigeuka usingizini. Fua shuka, foronya na blanketi kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60. Maji ya baridi huondoa sehemu kubwa ya kinyesi lakini utitiri wenyewe hubaki hai. Kidoli ambacho mtoto hataki kuachana nacho kitie kwenye mfuko, kilaze kwenye friza siku nzima, kisha kifue, maana baridi inaua lakini haiondoi mabaki. Zulia la chumbani ni bora litoke kuliko kusafishwa. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu na kukung'uta shuka ndani ni kurusha hewani kile ulichotaka kukitoa. Na kama kuna mtu mwingine anayeweza kufagia, afagie yeye, mwenye pumu akae nje ya chumba saa moja au zaidi vumbi litue.

Niseme wazi: ukifanya moja tu kati ya hayo, ukanunua mfuko wa godoro ukaacha zulia na mablanketi vilevile, usitegemee mabadiliko. Tafiti nyingi za hatua moja moja zimeishia hivyo. Fanya kwa pamoja au weka nguvu yako kwingine. Dawa za kupulizia za kuua utitiri sizipendekezi. Mashine za kuongeza unyevu hewani zinamnywesha mdudu yuleyule unayepigana naye, na mashine zinazojisifu kusafisha hewa kwa ozoni ni za kukimbia, kwani ozoni yenyewe huumiza mapafu.

Kuvu huhitaji pua zaidi kuliko macho. Sogeza kabati lililo ukutani, inua pembe ya zulia, nusa. Madoa meusi nyuma ya kabati mara nyingi yana sababu mbili, ukuta unaovuja au hewa isiyopita, na ukipaka rangi juu yake yatatokeza tena baada ya muda. Ziba uvujaji kwanza. Sugua ukuta mgumu kwa sabuni na maji, ukaushe. Godoro au ubao laini uliolowa na kuota kuvu tupa. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta. Kipima unyevu kidogo cha ukutani kikionyesha chini ya asilimia 50, kuvu na utitiri vyote vinapata shida, na hii ndiyo hatua moja ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inapiga wawili kwa mpigo.

Mende naye ni kichochezi: kinyesi, mate na vipande vya mwili wake huchanganyika na vumbi la jikoni. Tumia chambo cha jeli au cha kibokisi katika nyufa, siyo dawa ya kupuliza, ambayo yenyewe inaweza kukubana kabla haijamfikia mende.

Kuhusu paka na mbwa, tatizo si nywele. Ni protini zilizo katika mate, magamba ya ngozi na mkojo, ambazo hukauka na kuelea. Kwa hiyo mnyama mwenye manyoya mafupi, au anayetangazwa kuwa hana mzio, si kinga. Daftari na kipimo vikikubaliana kuwa ndiye, dawa ya kweli ni atafutiwe makao mengine, na wengi hawawezi. Basi angalau chumba cha kulala kiwe marufuku kwake moja kwa moja, mlango umefungwa hata mchana. Akiondoka nyumbani, usihukumu haraka: mabaki ya paka yanaweza kukaa miezi minne hadi sita kwenye viti na kuta.

Hatua ya 5: Moshi, harufu na hewa ya nje

Moshi wa sigara hauna mjadala. Kuvutia dirishani au chumba cha pili hakutoshi, na aliyevuta nje anarudi na mabaki kwenye nguo na nywele. Sigara za kielektroniki nazo zinachokoza mirija. Anayevuta sigara huku akitumia inhela ya steroidi hupata pia faida ndogo kutoka kwa dawa hiyo.

Moshi wa kupikia, uwe wa kuni, mkaa au mafuta ya taa, ukiwa hauepukiki, upishi uhamie nje au penye upepo unaopita pande mbili, na mtoto mwenye pumu asikae mgongoni wala mapajani mwa anayepika. Dawa ya mbu ya kuchoma na ubani ni moshi vilevile, hata vikinukia. Chandarua hakina moshi.

Kwenye harufu, tofauti kubwa huletwa na namna kitu kinavyotumika. Dawa ya kusafishia inayopulizwa hujaza hewa matone unayoyavuta. Ileile ikimiminwa kwenye kitambaa hukaa kwenye kitambaa. Kamwe usichanganye dawa yenye klorini na ya asidi, ile ya kuondoa madoa chooni, wala na yenye amonia: gesi inayotoka inaweza kumbana hata asiye na pumu.

Nje, chavua za nyasi na miti huja kwa msimu, kwa hiyo daftari la mwaka mmoja litakuonyesha miezi yako. Katika miezi hiyo funga madirisha saa za upepo, oga na ubadili nguo ukirudi, usianike shuka nje. Radi nayo ina habari yake. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ilipita juu ya Melbourne, Australia, katikati ya msimu wa chavua ya nyasi; maelfu walikimbilia hospitali usiku uleule na watu 10 wakapoteza maisha. Chavua nzima ni kubwa, huishia puani. Ikilowa katika dhoruba hupasuka vipande vidogo ambavyo hushuka hadi chini kabisa ya mapafu. Wengi waliobanwa hawakuwahi kuambiwa wana pumu, walijua wana mafua ya mzio tu. Ukiwa na mafua hayo na dhoruba inakuja msimu wa chavua, ingia ndani, funga madirisha, inhela iwe karibu.

Hatua ya 6: Visivyokwepeka

Mafua ndiyo kichochezi kikuu cha mashambulio, hasa kwa watoto, na huwezi kuishi bila watu. Nawa mikono, pata chanjo ya influenza kila mwaka, na muhimu zaidi, kubaliana na daktari mapema ni dawa gani uongeze siku ya kwanza ya mafua, kabla kifua hakijaanza. Mpango huo uwe kwenye karatasi.

Mazoezi usiyaache. Mtu anayeacha kukimbia kwa kuogopa pumu anapoteza mapafu na moyo wenye nguvu, halafu anahema zaidi kwa kazi ndogo. Kinachochokoza ni kuvuta hewa nyingi kavu na ya baridi kwa mdomo, na kubanwa kwenyewe mara nyingi huja dakika 5 hadi 10 baada ya kusimama. Pasha mwili taratibu kwa dakika 10 hadi 15, pumua kwa pua uwezavyo, funika mdomo kwa skafu penye baridi, na kama daktari amekuelekeza, vuta inhela ya kutuliza robo saa kabla. Ukiona lazima uivute kila siku ili ucheze, pumu yako haijadhibitiwa, rudi kwa daktari.

Kicheko kikali, kilio na hofu vinaweza kumbana mtu kwa sababu vinabadili upumuaji. Tafadhali mtu asimwambie mtoto apunguze kucheka. Kama kicheko kinambana, dawa ya kinga haimtoshi.

Chakula hulaumiwa kuliko kinavyostahili. Ni nadra chakula kuleta pumu peke yake bila vipele, kuvimba midomo au kutapika. Salfaiti, zinazotumika kuhifadhi matunda makavu na mvinyo, ni kichochezi halisi kwa baadhi ya watu, soma kibandiko. Ila mwenye mzio mkali wa chakula pamoja na pumu yuko katika hatari kubwa zaidi, na huyo anahitaji mpango wa daktari, hatakiwi kujijaribia nyumbani.

Hatua ya 7: Dawa na kazi

Hivi viwili nimeviweka pamoja kwa sababu moja: mgonjwa huvisahau akiulizwa.

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao huwabana baadhi ya watu wazima wenye pumu, kwa kawaida ndani ya saa moja hadi tatu, pamoja na pua kuziba na uso kuwa mwekundu. Mwenye nyama za puani awe mwangalifu zaidi. Parasetamoli kwa kawaida ni salama. Kundi lingine ni dawa za moyo na presha kama propranololi, ambazo hufunga mirija. Linaloshangaza wengi ni kwamba matone ya presha ya macho yenye timololi hufanya hivyohivyo, kwa sababu huingia kwenye damu kupitia pua. Dawa uliyoandikiwa usiiache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia na mfamasia kwamba una pumu, kila mara, hata kama umeenda kwa ajili ya jicho.

Kazini, washukiwa wakubwa wanajulikana: unga kwa waoka mikate, rangi za kupuliza zenye kemikali za isosaianeti kwa wapaka magari, dawa za kung'arisha nywele kwa wasusi, vumbi la mbao kwa maseremala, klorini kwa wasafishaji. Alama yake ni kupata nafuu wikendi, na nafuu kubwa zaidi likizoni. Lakini baada ya miaka, siku mbili za wikendi hazitoshi tena mirija kupona, alama ikafutika, mtu akaamini ni pumu ya kawaida. Hapa kipima pumzi ni ushahidi: pima angalau mara nne kwa siku, siku za kazi na za mapumziko, kwa wiki nne, umpelekee daktari. Pumu ya kazini ikigunduliwa mapema na mtu akahamishwa kutoka kwenye kitu hicho, inaweza kuisha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi.

Hatua ya 8: Hakikisha

Ukishakuwa na washukiwa wawili au watatu, shughulikia mmoja kwa wakati, umpe wiki kadhaa, huku daftari likiendelea. Chumba chote kikihesabiwa kama mshukiwa mmoja, sawa. Usijipeleke kwenye kichochezi makusudi ili ujaribu, hasa dawa au chakula; hilo hufanyika hospitali. Ikiwa namba zimepanda na usiku umetulia, endelea. Ikiwa hakuna tofauti, rudisha zulia lako kwa amani uangalie kwingine, au mwombe daktari atazame unavyovuta inhela, kwa maana mbinu mbaya ya kuvuta huwafanya wengi wadhani kuna kichochezi kilichojificha. Andika orodha fupi iliyothibitika, nakala moja iende kwa mwalimu wa mtoto, nyingine kwa mnayeishi naye.

Siku ikiharibika

Keti wima, usilale. Kwa inhela ya salbutamoli, utaratibu unaofundishwa Australia ni rahisi kukumbuka: pulizia mara moja kwenye spesa (chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela), pumua mara nne, urudie hadi zitimie puliza nne, subiri dakika nne, kama hakuna nafuu, puliza nne tena. Bado hakuna nafuu, ita gari la wagonjwa au uende hospitali, ukiendelea na puliza nne kila baada ya dakika nne. Aliyepewa mpango tofauti na daktari wake afuate mpango huo.

Usisubiri hizo dakika ukiona hawezi kumaliza sentensi moja, midomo au kucha zimegeuka bluu au kijivu, anasinzia au amechanganyikiwa, au mluzi umetoweka ghafla huku bado anahangaika. Kifua kikiwa kimya wakati mtu anahangaika, hewa haiingii. Nenda mara moja.

Na kama kimetulia, kumbuka lile wimbi la pili. Kaa naye usiku huo, inhela mkononi, na aonwe na daktari ndani ya siku mbili hata kama anasema amepona, kwa sababu huenda akahitaji vidonge vya steroidi vya siku chache.